Maombi matatu, ahadi sifuri: ninachokisoma katika jedwali la Yuletide

Kila mwaka ifikapo Oktoba, kuna ukurasa mmoja ninaoufungua asubuhi kabla ya chai na kuurudia usiku kabla ya kulala. Una safu tatu tu: jina la kazi ya sanaa, idadi ya watu walioomba kuandikiwa hadithi inayotokana na kazi hiyo, na idadi ya watu walioahidi kwamba wako tayari kuiandika. Ni muhtasari wa usajili wa Yuletide, mabadilishano ya zawadi za hadithi za mashabiki yaliyoanza mwaka 2003 na ambayo hufanyika kila mwaka kuelekea Krismasi. Kazini nashinda na majedwali ya kila namna, ya mauzo na ya mishahara, lakini sijaona jedwali jingine linalonieleza mengi kuhusu watu kama hili.

Hadithi ya shabiki ni ile anayoiandika msomaji au mtazamaji kwa kutumia wahusika wa kazi anayoipenda, bila malipo, kwa ajili ya wenzake wanaoipenda pia. Kazi hiyo pamoja na jamii ya wapenzi wake ndiyo inayoitwa fandomu. Yuletide hujihusisha na fandomu adimu, yaani zile ambazo hazijaandikiwa sana: riwaya ya zamani, filamu iliyopita kimya, ngano, wimbo, hata tangazo la biashara. Mshiriki hutaja fandomu kadhaa anazoziomba na nyingine kadhaa anazoziahidi, kisha kila mmoja hupangiwa mtu wa kumwandikia, naye huandikiwa na mtu mwingine asiyemjua. Hadithi haipaswi kupungua maneno 1,000. Zawadi hufunguliwa tarehe 25 Desemba, ila majina ya waandishi hufichwa mpaka tarehe 1 Januari. Tangu mwaka 2009 shughuli hii imekuwa katika hifadhi iitwayo Archive of Our Own, inayoendeshwa na mashabiki wenyewe kwa kujitolea chini ya shirika la Organization for Transformative Works, na ambayo mwaka 2019 ilipewa tuzo ya Hugo.

Mtu aliyewahi kucheza upatu ataielewa shughuli hii upesi, kwa kuwa kila mmoja anatoa na kila mmoja anapokea. Lakini katika upatu shilingi ya fulani ni sawa na shilingi ya mwenzake, kwa hiyo hakuna anayejali fedha zimetoka mkononi mwa nani. Hapa vinavyotolewa havifanani hata kidogo, kwa sababu mtu aliyeahidi kuandika kuhusu filamu ya wachawi hawezi kumridhisha aliyeomba riwaya ya wavuvi. Ugumu wote wa kihesabu unatokana na jambo hilo moja.

Tuanze na hali nyepesi. Tukiandika majina ya watu kwenye vikaratasi, tukavitia kofiani na kila mmoja akachomoa kimoja, idadi ya watu watakaochomoa majina yao wenyewe itakuwa, kwa wastani, mtu 1, iwe tumekuwa watu 10 au watu 1,000. Uwezekano wa kutokuwepo hata mmoja aliyejichomoa ni takriban asilimia 37, nao pia haubadiliki sana kadiri watu wanavyoongezeka. Nilipojifunza hesabu hiyo kwa mara ya kwanza nilikaa nayo siku nzima, maana nilidhani kundi likiwa kubwa tatizo lingepungua. Kwa kofia tu, dawa ni kuchomoa upya. Kwa Yuletide, kuchomoa upya hakusaidii, kwa sababu kinachozuia upangaji ni uchache wa watu wanaoweza kulijibu ombi fulani.

Mwanahisabati wa Kiingereza Philip Hall alilithibitisha jambo hili mwaka 1935 kwa namna iliyo safi mno. Alionyesha kwamba unaweza kumpatia kila mwombaji mtu wake endapo, kwa kila kikundi cha waombaji utakachokichagua, watu wanaoweza kukihudumia kikundi hicho hawapungui idadi ya waombaji waliomo ndani yake. Sharti hilo linatosha, na likivunjika mahali pamoja hakuna ujanja utakaoliziba pengo. Chukua waombaji 3 ambao wote wameomba fandomu ileile moja na hawakuomba nyingine, huku walioiahidi wakiwa 2: hata kama kuna washiriki 1,000 wengine, mmoja kati ya wale watatu atabaki bila mwandishi. Ndiyo maana mshiriki huombwa ataje fandomu zaidi ya moja. Kila ombi la ziada ni mlango mwingine, na mtu mwenye milango mitatu hakwami kirahisi.

Ukurasa ninaoufungua asubuhi umepangwa kwa busara hiyo. Hauanzi na fandomu zinazopendwa kuliko zote, bali huanza na zile zenye ahadi chache kuliko nyingine na maombi mengi. Juu kabisa utaona maombi 3 na ahadi 0, au maombi 5 na ahadi 1, na ukishuka ndipo unapoanza kuona fandomu zilizojitosheleza. Nimeona takwimu nyingi za mashabiki zikianza na swali la nini kinapendwa zaidi. Kwangu swali hilo lina faida ndogo katika mabadilishano, kwa sababu kinachopendwa na wengi kina wa kukiandika. Uwiano wa maombi na ahadi ndio unaosema nani huenda asipate kile anachokitamani zaidi.

Na uwiano huo una siri ambayo ilinichukua miaka kuigundua. Mwaka mmoja niliomba ngano zetu za Sungura na Fisi, nikaziahidi pia, kwa kuwa ni hadithi nilizolelewa nazo na ningefurahi kumwandikia yeyote. Katika jedwali nikaona ombi 1, ahadi 1. Nikafurahi sana. Siku mbili baadaye nikashtuka: ombi lile lilikuwa langu, na ahadi ile pia ilikuwa yangu. Kwa kuwa hakuna anayejiandikia zawadi, ile 1 kwa 1 ilikuwa sifuri iliyovaa nguo za moja. Tangu hapo nikiona mstari wa 1 na 1 siuamini. Mstari wa 2 na 2 nao unaweza kuwa wa watu wawili walewale, ingawa hao angalau wanaweza kuandikiana. Hali hii hutokea zaidi katika fandomu adimu kuliko zote, kwa sababu anayeweza kuandika kuhusu kitu kisichojulikana mara nyingi ndiye huyohuyo anayekitamani.

Programu ya kupanga washiriki ikanipangia mwandishi kupitia ombi langu jingine, nikaandikiwa vizuri, nikashukuru. Lakini asubuhi ya Krismasi nilikuta zawadi mbili. Ya pili ilikuwa ya ziada, ambayo mtu huandika kwa hiari yake baada ya kusoma orodha ya maombi, bila kupangiwa na yeyote. Ilikuwa hadithi fupi, iliyozidi kidogo maneno 1,000, kwa Kiingereza, kuhusu Fisi aliyefika kisimani usiku na kumkuta Sungura amekaa ukingoni, kimya. Mwandishi hakumpa Sungura neno lolote mpaka karibu na mwisho. Alimwacha akae tu, akicheza na jiwe dogo, huku Fisi akijieleza, akijikanganya na kujiingiza mwenyewe katika mtego ambao hakuna aliyemtegea. Nilijiuliza wiki nzima ni nani huyu anayejua kwamba Sungura wa ngano huogopesha zaidi anaponyamaza. Tarehe 1 Januari jina likafunuliwa, nalo lilikuwa la mtu ambaye sikuwahi kuliona jina lake mahali popote.

Zawadi za ziada ndizo zinazonifanya nisome takwimu za mwisho kwa uangalifu. Mtu akihesabu hadithi zote za mwaka na kuzigawa kwa idadi ya washiriki, atapata zaidi ya moja kwa kila mtu, na anaweza kudhani kila mmoja alipata zaidi ya moja. Sivyo. Zawadi za ziada hurundikana kwa baadhi ya watu, hasa wale ambao maombi yao ni ya fandomu inayojulikana au ambao barua zao kwa mwandishi zilieleza wazi wanachokipenda. Zile fupi zisizofika maneno 1,000 huwekwa katika mkusanyiko wa pembeni uitwao Yuletide Madness, kwa hiyo anayehesabu mkusanyiko mkuu peke yake huzikosa, na anayejumlisha yote mawili hana budi kusema kwamba amejumlisha.

Kuna na wanaojitoa. Yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya harusi anajua tofauti kati ya daftari la ahadi na fedha zilizo mezani. Hapa pia wapo wanaougua, wanaofiwa, wanaozidiwa na kazi. Inapotokea hivyo, waandaaji hutangaza ombi lililobaki na mtu mwingine hulichukua, kama mchezaji wa akiba anayeingia dakika ya 80. Yeye huandika kwa muda wa siku chache kile ambacho mwenzake alipewa wiki kadhaa kukiandika. Katika hesabu ya mwisho haonekani, kwa sababu zawadi moja imeingia mahali pa zawadi moja. Binafsi naona hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote katika shughuli nzima.

Kuhusu urefu wa hadithi nitasema machache. Kwa kuwa kuna kiwango cha chini na hakuna cha juu, wastani wa kawaida hupotosha. Tuseme kuna hadithi tano zenye maneno 1,050, 1,200, 1,400, 2,000 na 20,000. Wastani wake ni maneno 5,130, ingawa hadithi nne kati ya tano hazifiki hata nusu ya hapo, ilhali namba iliyo katikati ni 1,400 tu. Mshiriki mpya akielezwa wastani, ataogopa na kuacha kujiandikisha. Akielezwa namba ya katikati, atajua anachotarajiwa kukifanya.

Pongezi nazo, zile ambazo msomaji hubofya mara moja chini ya hadithi, hupima ukubwa wa fandomu kabla ya kupima ubora wa uandishi. Hadithi ya ngano isiyojulikana yenye pongezi 20 huenda imesomwa na kupendwa na karibu kila aliyeweza kuipata. Jambo linalonivutia ni ile wiki ya kwanza, kati ya 25 Desemba na 1 Januari, ambapo msomaji hajui mwandishi ni nani. Umaarufu wa jina haumsaidii mtu siku hizo. Ningependa kulinganisha pongezi za wiki hiyo na za wiki inayofuata, ila nikumbuke kwamba wasomaji huwa wengi mno Krismasi yenyewe na hupungua kila siku inayopita, kwa hiyo kushuka kwa namba baada ya majina kufunuliwa peke yake hakuthibitishi lolote.

Tahadhari nyingine ni kwa wanaolinganisha mwaka na mwaka. Fandomu ikishaandikiwa kupita kiwango kilichowekwa, haikubaliwi tena katika Yuletide. Kwa hiyo tamthilia inaweza kuongoza kwa maombi mwaka huu na kutoweka kabisa mwaka ujao, na mtu asiyejua kanuni akaandika kwamba mashabiki wameichoka, wakati ukweli ni kwamba wameizidishia mapenzi hadi ikaondolewa adimuni.

Michoro ndiyo inayonipa taabu. Yapo mabadilishano mengine ambamo mtu anaweza kuomba hadithi au mchoro, na kanuni ya kawaida kwa wachoraji ni mchoro safi uliokamilika kwenye karatasi isiyo na mistari. Lakini hifadhi imejengwa kwa maneno. Huhesabu maneno ya kila kazi, na mchoro wa siku kumi huandikwa kuwa na maneno 0. Zaidi ya hapo, picha zenyewe hazihifadhiwi mle ndani: huwekwa kwenye tovuti nyingine na kuunganishwa kwa kiungo. Niliwahi kuchorewa kwa penseli mwanamke mzee akianua samaki kwenye chanja, vidole vyake vimechorwa kwa makini mpaka mafundo yake yanaonekana. Nilipoufungua ukurasa ule miaka miwili baadaye, nilikuta jina la mchoro, maneno yangu ya shukrani, na kisanduku cheupe. Takwimu bado zinaihesabu kuwa kazi moja. Sasa kila mchoro ninaopewa naunakili siku hiyohiyo, na katika jedwali langu binafsi nimeongeza safu inayosema kama picha bado inaonekana.

Mwaka huu juu kabisa ya orodha kuna riwaya moja fupi ya zamani yenye maombi 3 na ahadi 0. Nimeziangalia barua za watu wote watatu. Mmoja anataka kujua mdogo wa mhusika mkuu alipatwa na nini baada ya sura ya mwisho, na wawili wanataka tu mtu mwingine duniani awe amekisoma kitabu hicho. Usajili unafungwa kesho kutwa. Nimekipata kitabu, nimefika sura ya nne, na safu ya tatu sasa inasoma 1.