Kilwa: kisiki chenye alama na shamba la ufuta

Basi la Lindi lilinishusha Nangurukuru, nikapanda bodaboda kuingia ndani. Mpingo wa Kilwa wenye cheti cha FSC, baraza la kimataifa linalothibitisha kuwa msitu unatunzwa vizuri, nilikuwa nikiusikia tu, kwamba unachongwa klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza, huko Ulaya. Nilitaka kuona cheti chenyewe kinafanya nini porini.

Vijiji vya Kikole na Kisangi ndivyo vilivyotangulia, 2009, misitu ya asili ya kwanza Afrika inayosimamiwa na wanakijiji kupata cheti hicho. Vijiji vingine vimeingia baadaye chini ya cheti kimoja cha kikundi kinachosimamiwa na MCDI, shirika la uhifadhi wa mpingo, maana ukaguzi wa kila mwaka ni ghali na kijiji peke yake hakiuwezi.

Mzee mmoja wa Kamati ya Maliasili aliitikia shikamoo yangu, akachukua panga, tukaingia msituni. Tulipofika penye kisiki aliinama akapangusa majani makavu. Mbao ya pembeni mwa kisiki ilikuwa nyeupe ya maziwa, kiini cheusi tii, na juu yake alama iliyogongwa kwa nyundo na namba. Akafungua daftari la mavuno: namba ileile, urefu wa gogo, kibali. "Gogo likifika bandarini, ukiuliza limetoka wapi, jibu ni hapa uliposimama," aliniambia. Na kwa kuwa msitu ni hifadhi ya kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, ushuru unabaki kijijini. Sehemu hii ya cheti naiamini kabisa.

Kilichonisumbua kilikuwa ng'ambo ya mpaka wa hifadhi. Shamba jipya, magogo yaliyoungua bado yamesimama, na katikati yake ufuta umeanza kutoa maua. Hakuna aliyeukagua. Hata sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 dhidi ya bidhaa zinazokata misitu inataja mbao, kahawa, kakao, mawese, soya, mpira na ng'ombe, ufuta haumo.

"Ufuta unanilipa msimu huuhuu, mwanangu," mzee alisema. "Mpingo anausubiri mjukuu."

Kwa hiyo anayepima mifumo hii ya vyeti asiishie kwenye gogo. Amuulize pia mnunuzi wa ufuta shamba lilifyekwa lini, na kijiji kilipwe kwa msitu uliosimama, si kwa mti uliokatwa tu.