Hyacinth alikuwa anajua kuimba, tena sana

Patricia Routledge, mwigizaji wa Uingereza, watu wengi wanamjua kwa sura moja tu, ile ya Hyacinth Bucket wa Keeping Up Appearances, yule mama wa makofia na magauni ya maua anayepokea simu utadhani yuko ikulu. Sishangai. Ile komedi ya BBC ilirushwa kuanzia 1990 mpaka 1995 na ikazunguka dunia nzima, hadi 2016 ikatajwa kuwa ndiyo programu ya BBC iliyouzwa nje mara nyingi kuliko zote. Ila toka afariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 96 nimekuwa narudia klipu zake za zamani, na kitu kimoja kinanikera kwenye rambirambi nyingi nilizosoma, zinaanzia kwa Hyacinth kama vile huyu mama alizaliwa ana miaka 61. Maana ndio umri aliokuwa nao siriz ilipoanza, sitini na moja jamani, watu wengine hapo wanawaza pensheni.

Alizaliwa 1929 Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey ukitokea Liverpool, baba yake alikuwa na duka la nguo za wanaume. Akasoma Kiingereza chuo kikuu cha Liverpool, 1952 akapanda jukwaani Liverpool Playhouse, akapitia na jumba la maigizo la Bristol Old Vic, na kumbuka huyu hakuwa mwigizaji wa kuchekesha tu, alikuwa na sauti iliyofunzwa kabisa, ile ya kujaza ukumbi bila maiki.

Sasa balaa lake lilikuwa Broadway, kule kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York. Mwaka 1968 alicheza kwenye mchezo wa muziki Darling of the Day, mchezo wenyewe ukafungwa baada ya wiki chache tu, halafu yeye akashinda Tony, tuzo kubwa ya Broadway, ya mwigizaji bora wa kike wa muziki, sare na Leslie Uggams. Yaani unapewa tuzo ya onyesho ambalo hakuna mtu anaweza kwenda kuliangalia tena. Miaka minane baadaye wakamwita kwa kitu kikubwa zaidi, 1600 Pennsylvania Avenue, muziki wa Leonard Bernstein, maneno ya Alan Jay Lerner, mwaka ambao Marekani inatimiza miaka 200, ungesema hapa hawakosi. Maonyesho saba, likafungwa. Lakini humo ndani alikuwa anacheza wake wa marais mmoja baada ya mwingine, na kuna wimbo mmoja anaimba kama wanawake wawili kwa pamoja, anayetoka ikulu na anayeingia, anageuka huku anageuka kule, sauti inabadilika katikati ya mstari. Kwangu mimi pale ndipo unamwona Hyacinth miaka 14 kabla hajaandikwa.

Na Bernstein akaja kumlipa. 1988 alicheza kama yule Bibi Mzee kwenye Candide, muziki wa Bernstein huyo huyo, pale Old Vic London, akabeba tuzo ya Olivier, ile kubwa ya maigizo ya London. Halafu 1992, Hyacinth akiwa tayari anatamba kwenye TV, akaenda National Theatre kucheza Nettie kwenye mchezo wa muziki Carousel, na Nettie ndiye anayeimba You'll Never Walk Alone, ule ule wa mashabiki wa Liverpool.

Ukishajua hayo rudi umsikilize Hyacinth anavyoimba. Jirani yake Emmet ni mwanamuziki, anachungulia mlangoni kwanza ndio atoke maana Hyacinth akimwona tu anaanza kumwimbia barabarani akitegemea atapewa nafasi kwenye maonyesho yake. Ni vibaya, lakini sio vibaya vya ovyo. Sauti anaikuza kupita kiasi, anaitetemesha pasipohitajika, anaingia kwenye noti kwa mbwembwe halafu anaing'ang'ania, na pumzi haimwishii hata siku moja. Mtu asiyejua kuimba hawezi kukosea kwa usahihi namna ile. Hata zile simu zake naona ni muziki, sauti ya juu kwa wageni, kisha inashuka ghafla akigundua ni dada yake Rose au Daisy.

Kingine ni kwamba hachekeshi kwa makusudi. Hyacinth anaamini kwa moyo wote kwamba jina lao la Bucket, yaani ndoo, lisomwe Bouquet, yaani shada la maua, anaamini kijana wake Sheridan anapiga simu kwa upendo wakati kijana anataka hela tu, na Routledge hakonyezi kamera hata mara moja. Clive Swift aliyecheza mumewe Richard na Josephine Tewson aliyekuwa jirani Elizabeth, yule anayetetemeka na kikombe cha thamani mpaka kahawa inamwagika, wanapata vicheko vyao kwa sababu yule mama yuko siriasi asilimia mia.

Usiriasi huo huo ukiuondolea watazamaji wanaocheka unakuwa kitu cha kutisha. Tafuta A Lady of Letters, igizo la TV la mwandishi Alan Bennett, 1988, yuko peke yake mbele ya kamera kama Miss Ruddock, mama mpweke anayeandikia watu barua za malalamiko na umbea mpaka anaishia jela, halafu jela ndiko anapata marafiki na furaha. Ile furaha ya mwisho inauma vibaya sana. Kabla ya hapo alikuwa Kitty kwenye skechi za mchekeshaji Victoria Wood, anakaa kwenye kiti anatoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba, na hapo unacheka mpaka basi. Wanawake hao wawili ni ndugu kabisa, yeye ndiye aliyejua wapi pa kupunguza na wapi pa kuongeza.

1995 akaachana na Hyacinth, japo ilikuwa bado inapendwa, akaenda kuwa Hetty Wainthropp, mama wa Lancashire anayefungua ofisi ya upelelezi uzeeni, mpaka 1998. Hetty ni mpole kidogo kwa ladha yangu, ila ule uamuzi naukubali. Mwaka 2017 Malkia akampa cheo cha Dame. Kama unaanza leo, anza na Miss Ruddock usiku, halafu asubuhi yake ndio umfungulie Hyacinth, utamwona tofauti.