King'ora cha redio ya gari: usiku wa 11, kimya

Leo ni usiku wa 11 king'ora nilichojitengenezea kulinda redio ya gari hakijalia ovyo. Nimesubiri kuandika sentensi hiyo tangu Machi.

Kwa ufupi: redio ya pili iliibwa gari likiwa limelala nje ya geti, Kigamboni. Mlango ulifunguliwa kwa rula ya chuma, fremu ikabanduliwa, nyaya zote zikakatwa kwa kisu nyuma ya soketi. Redio unanunua nyingine. Nyaya ndizo zilizoniuma, maana nilizikalia Jumapili mbili nikiunganisha rangi kwa rangi. Na kubaki na ile iliyokuja na gari kutoka Japani haiwezekani, inaishia 90 MHz na stesheni nyingi za hapa ziko juu ya hapo.

Toleo la kwanza la king'ora lilikuwa na rilei (swichi inayovutwa na sumaku ya koili) iliyobanwa saa zote. Koili yake inakula miliampea 150, yaani zaidi ya Ah (ampea-saa) 3 kwa siku, na betri yangu ni ya Ah 35. Gari lisipotembea wiki moja, haliwaki. Nikahamia kwenye mosfeti, IRFZ44N, yaani swichi ya kielektroniki isiyo na koili, yenye rezista (kipunguza umeme) ya kilo-omu 100 kutoka chanya hadi kwenye geti yake, ule mguu unaoiwasha. Waya mfupi unaishikiza geti hiyo kwenye hasi kupitia kiungio bapa nyuma ya redio. Redio ikivutwa sentimita 3 tu, kiungio kinachomoka, geti inapanda, king'ora kinalia. Umeme unaoliwa gari likilala ni miliampea 0.12.

Kikaanza kulia chenyewe. Saa nane usiku, saa tisa, saa kumi. Nilibadilisha mosfeti tatu. Usiku wa tatu mfululizo mzee wa jirani alitoka na tochi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mama yako presha inampanda."

Niliona aibu, nikachomoa fyuzi, na gari likalala wiki nzima bila ulinzi wowote.

Kilichonichelewesha ni maltimita ya dijitali. Kila nikipima kiungio inasoma sifuri, nami nikaiamini. Maltimita hizi za bei rahisi husoma mara mbili tatu kwa sekunde. Waya ukiachia kwa kufumba na kufumbua, hazina habari. Mwishowe nilitoa king'ora, nikafunga balbu ya indiketa mahali pake, kisha nikagonga deshibodi kwa mpini wa bisibisi. Balbu ikapepesa. Nikagonga tena, ikapepesa tena. Mafundi wa mtaani wanaotembea na balbu yenye nyaya mbili mfukoni wana akili kuliko nilivyowadhania, na sasa ninayo yangu.

Basi ugonjwa ulikuwa kiungio. Hewa ya bahari ilishakipaka ukungu wa kijani, na malori ya mchanga yanayopita alfajiri yalikuwa yanakitikisa. Kwa rezista kubwa kama ile, kuachia kwa chini ya milisekunde moja kunatosha kuiamsha mosfeti. Nimekipiga msasa, nimekibana upande wa kike kwa plaisi, nimepaka grisi. Halafu nikaweka kapasita ya mikrofaradi 10, inayochukua muda kujaa umeme, kati ya geti na hasi. Sasa waya lazima uachie kama theluthi ya sekunde ndipo king'ora kiamke. Mtikisiko haufiki huko, ila mwizi anafika.

Juzi nilikaa ndani ya gari kuanzia saa kumi alfajiri. Yamepita malori manne. Kimya. Kulipopambazuka nikamwambia mzee kwanza, kisha nikavuta redio kwa mikono yangu. Kililia mtaa mzima ukatoka, na mimi nilikuwa nacheka peke yangu.

Wiki hii nilipanga kupiga riveti kwenye mabano ya redio na kuchonga namba ya gari kwenye fremu, kama tunavyochonga kwenye vioo vya pembeni. Riveti bado ziko kwenye mfuko wake. Nimekwishabandua ubao wa mlango wa dereva, kwa sababu waya huohuo wa hasi unaweza kuzungushwa hadi nyuma ya swichi za pawa windo, nazo zinaibwa vilevile. Tatizo ni pale mlango unapokunjia: waya utapinda kila ukifunguliwa. Nimenunua mita 2 za waya laini wa nyuzi nyingi, na balbu iko tayari.