Jinsi nilivyompata mwenye Pijo nyingine Kigoma

Ukiwa na Peugeot 504 Kigoma huna pa kujificha. Barabarani ni IST, Noah na bajaji, kwa hiyo Pijo ikipita shingo zinageuka, hasa za wazee. Yangu ni nyeupe, aliniachia marehemu baba. Gia iko kwenye usukani, na buti limeinamia nyuma kana kwamba limekaliwa na mtu mnene.

Shida ilinikuta njia ya Mwandiga. Lori lilirusha jiwe, kioo cha taa ya kushoto kikaenda. Taa ya 504 si ya duara kama ya Land Rover ya zamani; ina pembe zake, huwezi kupachika yoyote. Fundi wangu wa Gungu alikata kioo cha dirisha akakibandika kwa gundi. Mvua moja tu, taa ikawa birika. 504 hizi za saluni, zenye buti, Ufaransa waliacha kuziunda mwaka 1983, na muuzaji spea mmoja aliniuliza Pijo ndiyo gari gani. Nilimsamehe, mtoto mdogo yule.

Nikawa natembelea taa moja. Usiku bodaboda walinidhania pikipiki mwenzao, wananijia katikati ya barabara, tukikaribiana ndipo wanakwepa huku wakinitukana.

Jioni moja nikishuka Lumumba kuelekea stesheni, nikaona mkia ule ule umekata kona mbele yangu, rangi ya maziwa. Nilipiga honi kama mwendawazimu. Ikapotea.

Kijiwe cha bodaboda Mwanga niliuliza "504" wakanikodolea macho. Nikabadilisha: gari la kizamani, rangi ya maziwa, buti limebonyea. "Aah, la yule mzee wa samaki wa migebuka! Jumamosi asubuhi yuko Kibirizi."

Jumamosi ya kwanza hakuja. Ya pili nilichelewa, nikakuta matone mabichi ya oili pale magari yanapoegeshwa. Mwenye Pijo hahitaji kuambiwa hayo ni ya nani. Ya tatu nilifika kabla ya jua, nikaegesha pembeni yake, pua kwa pua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akaitazama taa yangu, kisha mimi. "Kumbe Jicho Moja ndiye wewe?"

Naye alikuwa ananitafuta, miezi miwili! Ameizunguka Mwanga yote, kila anayemuuliza anamwambia nimepita sasa hivi. Bushi za gia zake zilikuwa zimekwisha, mkono unacheza kama mwiko kwenye uji, akitafuta ya pili anaipata ya nne. Mimi nina kopo zima la bushi, baba alikuwa haachi kitu.

Tukaenda kwake Ujiji. Chini ya mwembe kulikuwa na 504 nyingine isiyo na injini, kuku wanatagia kiti cha nyuma, na taa zote mbili nzima. Tulifungua ya kushoto kwa spana namba kumi na mafuta ya taa mengi, huku mzee akilalamika kwamba gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975, likarudia 1978, leo linashindwa na matuta ya Ujiji.

Sasa tukipishana tunawashiana taa. Zangu ziko mbili, lakini pale kijiweni bado wananiita Jicho Moja.