Jinsi nilivyoweza kufika kila siku kwenye tiba ya sumaku

Wanaojua kwamba nilitibiwa sonona (depression) kwa sumaku huniuliza kwanza kama inauma, halafu huniuliza bei. Hakuna aliyewahi kuniuliza niliwezaje kufika, na kufika ndiko kulikokuwa kazi hasa. Tiba hii hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita. Ugonjwa wenyewe nao ndio unaokunyang'anya nguvu za kuamka, kuoga na kutoka nje ya mlango. Mimi naishi Nakuru, mashine ilikuwa Nairobi. Nawaandikia walioko Lanet, Njoro, Molo hadi Kericho, ambao daktari ameshawatajia tiba hii nao wanajiuliza wataiwezaje.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya upili. Sonona yangu haikuanza na msiba. Ilinijia polepole, nikawa nasahihisha madaftari bila kujua nimesoma nini, nikaacha kupokea simu za watu ninaowapenda, nikawa naamka saa tisa usiku na kukaa macho hadi kuche. Daktari wa akili hapa Nakuru alinianzishia dawa ya sonona iitwayo fluoksetini, akaongeza kipimo, tukazisubiri wiki zake. Baadaye tukahamia dawa nyingine, setralini. Nilizinywa zote mbili kwa kipimo kamili na kwa muda wa kutosha. Nafuu ilikuja kidogo kisha ikasimama hapo. Mgonjwa aliyepitia angalau dawa mbili kwa njia hiyo bila kupona, madaktari husema sonona yake ni sugu, na hapo ndipo mazungumzo ya tiba nyingine huanza.

Kabla ya mazungumzo hayo, daktari aliniuliza swali nililokuwa nikilikwepa muda mrefu: je, unawaza kufa? Nililikwepa kwa woga. Nimekulia katika nchi ambayo kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na ingawa kuwaza si kujaribu, mtu mwenye hofu hatofautishi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Habari hiyo niliisikia redioni, na nilipokaa tena mbele ya daktari nikamjibu ukweli. Jibu langu lilibadilisha mpango wote wa matibabu. Kama nawe umelificha jambo hili, mwambie daktari wako au mtu mmoja wa nyumbani kwako, na umwambie leo.

Alinieleza njia mbili. Moja ni tiba ya mshtuko wa umeme, ambayo mgonjwa hupewa nusukaputi kwanza. Ni tiba ya kweli na inaokoa maisha, tofauti na hadithi za kutisha zinazosimuliwa. Ya pili ni ya sumaku, ambayo madaktari huiita TMS. Hii mgonjwa huketi kitini akiwa macho, akimaliza anaondoka kwa miguu yake. Tukachagua hiyo.

Hapo nilisikiliza kama mwalimu. Mwaka 1831 mwanasayansi Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku inapobadilika karibu na waya, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Ndilo somo ninalowafundisha Kidato cha Nne kwa koili (waya uliozungushwa mizunguko mingi), sumaku na galvanomita, kifaa cha kuonyesha umeme mdogo. Mashine hii inafuata kanuni ileile. Koili huwekwa juu ya ngozi ya kichwa, umeme hupita ndani yake kwa muda mfupi mno, nguvu ya sumaku ya takriban tesla 1.5 hupanda na kushuka, hupenya mfupa bila kuukata, na kwenye ubongo sentimita 2 au 3 hivi chini ya koili huzalisha mkondo mdogo unaoziamsha seli za neva. Mtafiti Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, walilionyesha hilo kwa binadamu mwaka 1985. Mwaka 2008 FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba, iliruhusu mashine ya kwanza kutumika kutibu sonona. Sehemu inayolengwa zaidi ni ya mbele upande wa kushoto, inayohusika na kupanga, kuamua na kuzituliza hisia.

Niseme jambo moja hapa kwa sababu linaniuma. Stendi za matatu kuna watu wanaouza bangili za sumaku wakisema zinatibu mawazo, presha na hata usingizi. Sumaku iliyotulia haizalishi umeme wowote ndani ya mwili uliotulia. Ni ile kubadilika kwa ghafla kunakofanya kazi, tena kwa nguvu ambayo bangili haina. Usiache dawa zako kwa ajili ya bangili.

Mama mkwe aliamini ugonjwa wangu ni wa kiroho. Sikubishana naye, kwani anayekupenda hukusaidia kwa kile alicho nacho. Aliniombea kwa simu kila jioni, na nilimshukuru kwa moyo wote.

Bima yangu haikulipa. Nilichukua mkopo wa Sacco, wenzangu wawili shuleni wakanidhamini, mume wangu akauza ng'ombe. Bado nalipa.

Sasa mpango. Nilijijua: nikiachiwa niamue asubuhi kama naenda au siendi, sitaenda. Kwa hiyo tulijitahidi asubuhi isiwe na uamuzi wowote ndani yake. Kwanza tulichagua likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Nilisimamia mtihani wa vitendo wa fizikia wa KCSE, nikakataa kwenda kusahihisha ingawa pesa zake ningezihitaji, nikahamia kwa dada yangu Kangemi. Nguo za kesho zilitandazwa kitini usiku. Mwendesha boda wa pale mtaani tulimlipa kila Jumapili kwa wiki nzima, na saa mbili kasoro robo alikuwa akipiga honi langoni. Mpwa wangu, aliyekuwa amefunga shule, alikuwa na kazi moja tu: kuhakikisha nimepanda. Wakati mwingine alinivalisha viatu. Ni mtoto wa miaka kumi na minne na hakuniuliza neno.

Dada naye nilimwomba asiniulize ninajisikiaje. Swali hilo lilinichosha kuliko safari yenyewe, maana kila jibu nililotafuta lilikuwa baya. Tukakubaliana aniulize kitu kimoja tu, "Umefika?" Nami nilimjibu kwa ujumbe wa simu, ndiyo. Siku nilizokuwa na hali mbaya sana, hiyo ndiyo "ndiyo" pekee niliyokuwa nayo, na ilitosha.

Ijumaa nilirudi Nakuru kuwaona watoto, hadi Desemba nauli zilipopanda na magari kujaa. Hapo mume wangu akawa ndiye anayekuja nao Jumamosi. Sikukuu ya Jamhuri na Krismasi kituo kilifungwa, kwa hiyo tarehe ya kumaliza ikasogea. Ukipanga, zihesabu sikukuu mapema.

Siku ya kwanza huwa ndefu kuliko zote. Walirudia maswali waliyokuwa wameniuliza kabla ya kunipokea: una kifafa, au kuna mwenye kifafa kwenu? Umewahi kupasuliwa kichwa? Una chuma kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni, kidhibiti mapigo ya moyo? Wajibu kila kitu bila kuficha, kwani chuma karibu na koili ni hatari, na ingawa degedege hutokea kwa mgonjwa chini ya 1 kati ya 1,000, hatari hiyo huongezeka kwa baadhi ya watu. Usingizi haba na pombe huiongeza pia, na waliniambia nikikesha nisiwafiche. Hereni, simu na kadi ya benki hubaki nje.

Kisha wakanipima kichwa kwa utepe wa fundi cherehani na kunivisha kofia laini ya kuchorea alama. Mtaalamu alipiga pigo mojamoja upande wa kushoto akitafuta mahali panapoendesha mkono wa kulia, hadi dole gumba langu likaruka lenyewe. Nilicheka, na nakumbuka kwa sababu nilikuwa sijacheka muda mrefu. Nguvu ndogo kabisa inayolirusha dole gumba ndiyo kipimo chako. Matibabu hutolewa kwa kuzidisha kidogo, mara nyingi asilimia 120 ya hapo, baada ya koili kusogezwa mbele.

Na je, inauma? Inagonga. Ni kigong'ota aliyekaa juu ya paji la uso, na sauti yake ni kali kiasi kwamba lazima uzibe masikio. Siku za mwanzo kope lilinichezacheza na kichwa kiliniuma hadi mchana. Panadoli ilitosha, na maumivu yalipungua kadiri nilivyozoea. Mapigo huja 10 kwa sekunde kwa sekunde 4, kisha kimya cha sekunde 26, halafu tena. Mara moja nilipiga hesabu nikiwa kitini: mapigo 3,000 kwa mpangilio huo huchukua dakika 37 na nusu. Kimya kikipunguzwa hadi sekunde 11, ni karibu dakika 19. Kuna mpangilio mpya zaidi unaotoa mapigo 600 kwa dakika 3 hivi, na utafiti mkubwa wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba hauko nyuma ya ule mrefu. Anayetoka mbali aulize kituo chake kinatumia upi.

Katikati ya matibabu nilitaka kuacha. Sikuona mabadiliko yoyote, niliwafikiria watoto, niliufikiria mkopo, nikalia matatuni mbele za watu. Daktari hakunibembeleza. Aliniambia wengi huanza kuona kitu baada ya wiki kadhaa, na kwamba takriban nusu ya wanaotibiwa, au zaidi kidogo, hupata nafuu kubwa, na karibu theluthi moja dalili huwaisha kabisa au karibu kabisa. Maana yake wapo ambao haiwasaidii. Nilimheshimu kwa kuniambia hivyo. Sikuwa na imani jioni ile, ila nguo zilikuwa kitini na boda ilikuwa imelipwa.

Aliyeona mabadiliko kwanza ni dada yangu. Alimpigia mume wangu kumwambia kwamba nimelalamika sukuma imepikwa kupita kiasi. Kwa miezi mingi nilikuwa nakula chochote kilichowekwa mbele yangu bila kukionja. Baadaye nikagundua nalala hadi saa kumi na moja. Karatasi ya maswali tisa kuhusu dalili za sonona niliyoijaza kila wiki, ambayo alama zake huanzia 0 hadi 27 na zikiwa nyingi ugonjwa ni mkali zaidi, ikaanza kuonyesha namba zinazoshuka, zikapanda wiki moja, kisha zikashuka tena. Furaha ilichelewa kuliko usingizi na hamu ya chakula. Kilichorudi mapema ni uwezo wa kuanza jambo na kulimaliza.

Setralini naendelea nayo, na kuonana na mshauri naendelea pia. Hakuna aliyeniambia sumaku inachukua nafasi ya hayo. Sonona huweza kurudi, na baadhi ya watu huhitaji kurudia tiba. Mimi na mume wangu tumeandika dalili zangu: kutopokea simu, kuamka saa tisa, kuacha kuoga. Akiziona mbili pamoja anampigia daktari bila kuniomba ruhusa. Nilimpa ruhusa hiyo mapema, nikiwa na akili tulivu.

Wewe unayepanga kwenda, kabla ya kulipa uliza bei ni ya kipindi kimoja au ya matibabu yote. Uliza utapimwa na daktari wa akili mara ngapi, maana mashine bila daktari haitoshi. Uliza mashine ikiharibika au stima ikipotea wanafanyaje, kwani ilitokea nikiwa huko na waliniongezea siku bila malipo. Omba pia barua yenye tarehe zote. Vipindi vyangu vya mwisho vya tiba, ambapo siku za kwenda hupunguzwa taratibu, viliingia Januari shule zikiwa zimefunguliwa, na barua hiyo ndiyo iliyomwezesha mwalimu mkuu kunipangia masomo yangu yote ya kufundisha katikati ya wiki hadi nilipomaliza.