Nilivyokuwa naipandisha kinga iliyokwisha kupanda

Vidole vyangu vilianza kugoma mwezi wa sita. Ninafundisha shule ya msingi hapa Dodoma, na kipindi cha kwanza nilikuwa nashika chaki kwa mikono miwili kama mtoto wa chekechea. Ikifika saa nne mikono inalegea, najiona mzima, nasahau. Mnaujua ule upepo wetu wa Juni unaopasua midomo. Basi kila mtu nyumbani akasema ni baridi hiyo, vaa sweta. Oktoba ikaja na joto lake, vidole vikawa vilevile, tena vimevimba mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja.

Hospitali waliniambia ni baridi yabisi. Jina lenyewe linapotosha, maana wenye kosa si upepo: ni kinga ya mwili inayowashambulia wenyeji wake, kwenye maungio. Nikaandikiwa methotreksati, vidonge sita vya miligramu 2.5 mara moja kwa wiki, pamoja na asidi ya foliki. Mfamasia aliyazungushia maneno "kwa wiki" duara la kalamu nyekundu, kisha akanitaka niyarudie kwa sauti, kwa sababu wapo waliomeza kila siku wakafa.

Katika maelezo yote yale mimi niliondoka na neno moja tu: kinga. Na sisi tumetoka kwenye korona, tumejifukiza nyungu, tumekunywa tangawizi na malimao mpaka vifua vikawaka. Ukisikia kinga, unajua kazi ni kuipandisha.

Shangazi akaleta unga wa mlonge kutoka Mpwapwa. Jirani akaleta mafuta ya habasoda. Mwalimu mwenzangu anayeuza virutubisho akaniuzia kopo la spirulina na vidonge vya ekinasia, kwa mkopo wa mwisho wa mwezi. Halafu kulikuwa na vipakti visivyo na jina, "dawa ya viungo", nilivyonunua stendi. Nikasoma karatasi ya methotreksati, nikaona inatuliza kinga. Nikajiambia siwezi kupandisha kwa mkono huu na kushusha kwa mkono ule. Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Nilikosea mkono wa kuuacha. Nikaacha ya hospitali, na sikumwambia mtu.

Wiki za mwanzo nilikuwa vizuri, nikatangaza mpaka kanisani. Nadhani dawa niliyokuwa nimeiacha ndiyo iliyokuwa bado inafanya kazi. Wiki ya sita goti lilijaa, nikashindwa kufungua koki ya bomba, na mume wangu akawa ananifunga vifungo vya gauni kabla hajaenda kazini.

Nilirudi kwa daktari na mfuko wa rambo. Alikuwa amenisisitiza kwenye simu: beba kila unachomeza, hata cha shangazi. Akavipanga mezani bila kunigombeza, na hilo ndilo lililonitoa machozi. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwenu mnafuga?" Nikasema ndiyo. "Mbwa wa zizi akianza kung'ata mbuzi wako mwenyewe, unamwongezea nyama ili awe mkali?"

Ekinasia na spirulina akaziweka kando moja kwa moja, maana huchochea chembechembe za kinga, na kwa mtu wa hali yangu huo ni ugomvi wa kujitafutia. Vipimo vya ini vilikuwa vimepanda. Kopo lipi lilihusika? Hakuweza kusema, kwa kuwa nilikuwa nameza yote kwa pamoja, na kilichoniuma zaidi ni kwamba methotreksati yenyewe inahitaji ini lichunguzwe mara kwa mara.

Lakini vilivyomtia hofu kuliko vyote ni vile vipakti vya stendi, ambavyo nilikuwa navisifia kwa sababu vilitoa maumivu usiku mmoja. "Mti gani unaofanya hivyo?" akauliza. Akanieleza kwamba Marekani mwaka 2022 wenye mamlaka ya dawa walionya watu juu ya dawa za viungo zilizouzwa kama za asili, kumbe ndani mna deksamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani dawa kali ya kushusha uvimbe, na diklofenaki, dawa ya maumivu. Steroidi ukizimeza muda mrefu bila kujua, sukari na presha hupanda, mifupa hulegea, na ukiziacha ghafla unaweza kuzimia. Ndiyo maana alinipima sukari palepale.

Nilitegemea aninyime na chakula. Hakuninyima. Ugali wa uwele, mlenda, karanga, ubuyu, vitunguu saumu vya kwenye mboga: vyote nile, hivyo ni chakula. Mlonge nao nile majani kama mboga, siyo vijiko vya unga visivyo na kipimo. Samaki wenye mafuta akawasifu, kwa kuwa mafuta yao hupunguza maumivu kidogo. Kidogo, alilirudia hilo neno. Nyongeza pekee iliyobaki ni asidi ya foliki, ile ya bei ndogo kuliko zote, ambayo mimi nilikuwa naisahau. Pombe nipunguze kabisa kwa ajili ya ini, na hapo niliumia, maana mjomba ana shamba la zabibu.

Ilichukua karibu miezi mitatu vidole kunilegea tena. Bado kuna asubuhi naanza somo kwa mdomo, watoto wananiandikia ubaoni wenyewe. Jumapili jioni binti yangu anachora alama kwenye kalenda ya ukutani nikishameza methotreksati yangu ya wiki, na mara moja aliniwahi nikitaka kumeza Jumatatu.

Shangazi alikuja tena Pasaka na kiroba cha mlonge. Tuliuchambua pamoja uani, tukautia karanga, tukala na ugali. Aliniuliza kama unasaidia. Nikamwambia ni mtamu.