Kuzomewa kwa Adam Goodes na Hoja ya "Mbona Wengine Hawazomewi?"

Kila linapotajwa jina la Adam Goodes, mchezaji wa zamani wa mpira wa Australia, hakosekani mtu wa kuuliza kama ni haki kuwaita maelfu ya watazamaji wabaguzi wa rangi kwa sababu tu walimzomea uwanjani. Swali hilo lina uzito wake, kwa kuwa kuzomea kumekuwamo michezoni tangu zamani, na wachezaji weupe nao huzomewa. Hata hivyo, kadiri ninavyoifuatilia historia ya jambo hili nchini Australia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ule ulikuwa ubaguzi wa rangi, ingawa sidai kujua kilichokuwa moyoni mwa kila mtu aliyeketi jukwaani.

Goodes ni Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa Australia, wa jamii za Adnyamathanha na Narungga za Australia Kusini. Aliichezea Sydney Swans katika ligi kuu ya mpira wa Australia, AFL, kuanzia mwaka 1999 hadi 2015, akafikisha mechi 372, akatwaa ubingwa mwaka 2005 na 2012, na mara mbili, mwaka 2003 na 2006, akapewa Medali ya Brownlow, ambayo ndiyo heshima kubwa kuliko zote kwa mchezaji mmoja mmoja katika ligi hiyo. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, mashabiki wa timu pinzani walimchukulia kama wanavyomchukulia nyota yeyote wa upande wa pili.

Tarehe 24 Mei 2013, katika uwanja wa Melbourne Cricket Ground, kwenye mechi dhidi ya Collingwood iliyofungua raundi maalumu ya kuwaenzi wachezaji wenyeji wa asili, shabiki mmoja alimwita nyani. Goodes alisimama, akamwonyesha kwa kidole, na walinzi wakamtoa shabiki huyo nje. Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa msichana wa miaka 13. Kesho yake Goodes aliwaomba watu wasimlaumu mtoto huyo, wamsaidie, kwa sababu maneno kama yale huyapata katika jamii inayomlea. Siku chache baadaye rais wa Collingwood, Eddie McGuire, alisema redioni kwamba Goodes angefaa kutumiwa kutangaza onyesho la King Kong, yule sokwe mkubwa wa filamu, kisha akaomba radhi. Mtu mzima mwenye cheo alikuwa amelirudia kosa la mtoto, lakini hasira ya watu wengi ilimwelekea Goodes, ambaye alishutumiwa kwa kumdhalilisha msichana mdogo.

Mwaka 2014 alitangazwa kuwa Mwaustralia wa Mwaka, akaitumia nafasi hiyo kuzungumzia ubaguzi na historia ya nchi yake. Alieleza waziwazi kwamba tarehe 26 Januari, siku ambayo taifa husherehekea kuwasili kwa meli za Waingereza mwaka 1788, imebeba majonzi na hasira kwa watu wake, ambao wengi wao huiita siku ya uvamizi. Kelele za kumzomea ziliongezeka na kuenea kutoka uwanja hadi uwanja. Tarehe 29 Mei 2015, baada ya kufunga goli dhidi ya Carlton, alicheza ngoma ya kivita na kufanya kama anayerusha mkuki kuelekea kwa mashabiki wa Carlton. Miondoko yake aliifunzwa na vijana wa Flying Boomerangs, timu ya vijana wenyeji wa asili. Baadhi ya watangazaji walidai kuwa alikuwa akichochea vurugu, katika mchezo ambao wafungaji wamezoea kuwatambia mashabiki wa timu pinzani.

Waliotetea kuzomea walikuwa na hoja mbili kuu. Ya kwanza ni kwamba Goodes alikuwa akijiangusha ili apewe mipira ya adhabu. Tuseme ni kweli. Basi alijifunza lini tabia hiyo, ikiwa mtindo wa uchezaji wake ulikuwa umeonekana kwa zaidi ya miaka kumi bila viwanja kumzomea kila agusapo mpira? Kilichobadilika baina ya 2013 na 2015 ni maneno yake nje ya mchezo.

Hoja ya pili, ambayo wengi waliiona haina jibu, ni kwamba wachezaji wengine Waaborijini wamejaa katika ligi hiyo na hawazomewi. Mimi naiona kuwa ushahidi dhidi ya wanaoitoa. Ikiwa Mwaborijini anapendwa mradi tu acheze kwa ustadi, afurahishe watu na anyamaze, halafu anageuka adui siku anapotaja uvamizi na ubaguzi, basi mapenzi hayo yana sharti ambalo mchezaji mweupe hawekewi. Kuadhibiwa kwa kulivunja sharti hilo ni ubaguzi wa rangi, hata kama aliyezomea hakutamka tusi lolote na hata kama chumbani kwake amebandika picha ya mchezaji mwingine Mwaborijini.

Aidha, hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuambiwa. Tarehe 26 Julai 2015, mjini Perth, kelele dhidi yake katika mechi na West Coast Eagles zilikuwa kubwa mno, hata mchezaji mwenzake Lewis Jetta, naye Mwaborijini, akafunga goli na kuicheza ngoma ile kwa kumuunga mkono. Goodes akachukua likizo na kukosa mechi iliyofuata. Kufikia hapo nchi nzima ilikuwa ikijadili jambo hili, na wachezaji wenyeji wa asili walikuwa wamekwisha kusema jinsi kelele hizo zinavyowaumiza. Anayejua hayo na bado akaendelea kuzomea hawezi tena kujificha nyuma ya nia yake njema.

Lawama yangu kubwa zaidi ni kwa viongozi wa ligi. AFL ilikuwa na kanuni dhidi ya matusi ya rangi tangu 1995, miaka miwili baada ya Nicky Winmar, mchezaji Mwaborijini, kuinua jezi yake na kuonyesha ngozi yake mbele ya mashabiki wa Collingwood waliokuwa wakimtukana. Kanuni ile iliwalenga wachezaji na maneno yao, ilhali kelele za uwanja mzima hazina neno la kunukuliwa wala mtu mmoja wa kushtakiwa, na hapo ndipo palipohitajika kiongozi wa kuuita ubaguzi kwa jina lake mapema. Viongozi walisitasita. Goodes alistaafu Septemba 2015 na hakuhudhuria fainali kuu, ambako wastaafu huagwa na umma. Ligi na klabu zote 18 ziliomba radhi Juni 2019, zikakiri kwamba zilishindwa kuukemea ubaguzi aliotendewa. Mwaka 2021 alikataa kuingizwa katika orodha ya magwiji wa mchezo huo, na sioni kwa nini yeyote amdai maelezo.